Lari Mia Sita na Arobaini

Zimo ndani ya bahasha ya bili ya gesi,
noti nilizozinyoosha kwa kiganja:
mia sita na arobaini.
Mia moja ilitoka kwenye koti ambalo sikulinunua,
na Januari ya Tbilisi haina utani na mtu wa koti kuukuu.

Kamera ninayo. Ilikuja na lenzi yake ya plastiki,
lenzi ya kila kitu, yaani si ya chochote.
Ukumbini, kwenye mazoezi ya ngoma,
inapapasa kama mtu aliyekatikiwa umeme bafuni.
Vijana wa mwalimu Nodari wanaruka, wanatua kwa magoti,
majambia yanatoa cheche,
nami ninarudi nyumbani na ukungu wenye mikono.

Basi usiku ninapiga hesabu.

Iko ya milimita themanini na tano.
Ee, hiyo! Humfutia mtu dunia nzima nyuma yake
ikamwacha na kope zake tu.
Mia saba na ishirini, tena ya mtumba,
tena mwenyewe yuko Kutaisi na simu hapokei.

Iko ndefu, ya mia tatu. Ya tai.
Tangu darasa la nne nawataka tai wa Vashlovani,
unyoya mmoja mmoja, jicho na njaa yake.
Dada yangu Mzia anauliza, mdomo umejaa mkate:
tai wangapi wamewahi kukulipa?

Halafu iko fupi, thelathini na tano,
nene kama kikombe cha kahawa,
haina jina kubwa, hakuna wa kuionea wivu.
Inakunywa mwanga, lakini. Inaunywa bila kijiko.

Jumapili theluji ilinifungia ndani
nikafanya jambo ambalo ningelifanya kabla ya kuweka akiba:
nilifungua picha zangu zote, elfu moja mia tatu na sita,
nikaandika kila moja niliipiga kwa milimita ngapi.
Vistari vya penseli, vitano vitano, kama mfungwa.

Maisha yangu yote nilijidhania mtu wa mbali.
Penseli ikanisuta.
Mia nane na kitu, pale pale jirani na thelathini na tano:
mpwa wangu Tekle akilamba unga mbichi,
viatu vya wachezaji vimerundikana mlangoni,
mama akitafuta miwani iliyo kichwani pake.
Mbali nimekwenda mara sabini na moja,
na zote ni mwezi,
na mwezi wenyewe ni tone la dawa ya meno.

Nilikaa na karatasi ile hadi chai ikapoa.
Si vizuri kusemwa na mwandiko wako mwenyewe.

Kwenye soko la Daraja Kavu anauza Lamara,
kucha za kijani, glavu zilizokatwa vidole,
anamaliza mali ya mjomba aliyehamia Ugiriki.
Mia sita, akasema.
Nikainua kioo juani: pembeni kuna kuvu,
kadogo, kama alama ya jino la mtoto.
Hiyo ni bure, akasema, sikutozi.
Tukacheka, lakini bei ilibaki palepale.
Mkono mtupu haulambwi, na wangu ulikuwa na bahasha,
kwa hiyo niliurudisha mfukoni, nikapiga hatua sita.
Ya saba akaniita. Mia tano na arobaini.
Akaivika soksi ya mwanamume, moja, ya bluu,
nyingine hakusema iko wapi.

Niliifunga kwenye kamera hapohapo, vidole vimekufa ganzi,
nikafungua tundu hadi mwisho, nikampiga akihesabu noti.
Kucha tano kali kama vipande vya chupa,
uso umeyeyuka wote.
Ndiyo hivyo, bado sijaizoea.
Alitazama, akaomba nimtumie.

Mia moja iliyobaki ni ya gesi.
Juu ya mto kulikuwa na ndege mkubwa anazunguka,
labda tai, labda la.
Nilimtazama kwa macho tu
mpaka shingo ikauma.